Sindano na Neno: Kulinganisha Katriji za Santuri kwa Sikio la Mhakiki

Si desturi ya jarida la fasihi kuzungumza juu ya vyombo vya nyumbani, na msomaji alionapo neno katriji katika kichwa cha makala hii huenda akadhani amefungua gazeti la mafundi. Naomba anivumilie. Kwa muda mrefu sasa sehemu kubwa ya ushahidi wetu juu ya ushairi ulioimbwa katika karne iliyopita haitoki katika karatasi, bali katika sahani za santuri. Twasikiliza, twaandika tulichosikia, twakichapa, twakifundisha, na mwisho twawatahini vijana kwacho. Wala katika hatua zote hizo hatusemi tumekisikia kwa chombo gani. Ni kana kwamba sahani ina ulimi wake yenyewe. Dai langu ni kuwa sahani haina ulimi: ulimi wake ni sindano, na kila sindano ina matamshi yake. Mhakiki asiyeyajua matamshi ya sindano yake bado hajaijua matini anayoihakiki. Nitalithibitisha dai hilo kwa kosa nililolifanya mimi mwenyewe na kulifundisha kwa muda wa miaka 11.

Kwanza tuelewane juu ya chombo. Katriji ni kile kichwa kidogo, chenye ukubwa wa kokwa ya tende hivi, kinachofungwa kwenye ncha ya mkono wa mashine ya santuri. Chini yake hutokeza kijiti chembamba, na kwenye ncha ya kijiti hicho imepachikwa almasi ndogo ambayo ndiyo sindano. Sahani inapozunguka, kuta za mfuo huitikisa sindano. Kijiti huupeleka mtikiso huo ndani, ambako sumaku na koili za waya huugeuza kuwa umeme dhaifu mno. Katika namna moja ya katriji, sumaku ndiyo itembeayo na koili zimetulia, nayo hutoa umeme wa milivolti chache. Katika namna ya pili, koili ndizo zitembeazo, na umeme wake kwa kawaida haufikii hata milivolti moja, kwa hiyo huhitaji kikuza sauti cha ziada. Wapenzi wa santuri hubishana sana juu ya ubora wa namna hizi mbili. Kwa jambo letu ubishi huo ni mdogo. Lililo kubwa ni umbo na unene wa almasi yenyewe.

Tutumie kipimo cha maikroni, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Mfuo wa sahani ya zamani, ile izungukayo mara 78 kwa dakika, una upana wa maikroni 150 hivi kwa juu. Mfuo wa sahani ya muda mrefu, ambayo kampuni ya Columbia iliitoa huko Marekani mwaka 1948, una upana wa kama theluthi moja ya huo. Kwa sababu hiyo sindano ya sahani za 78 huchongwa kwa nusu kipenyo cha maikroni 75 hivi kwenye ncha yake, na sindano ya mviringo ya sahani za stirio huwa na maikroni 18 hivi. Sindano nyembamba ikitiwa katika mfuo mpana haizitegemei kuta. Huzama mpaka chini, ikawa yaburura katika vumbi la miaka mingi, kama mtu apitaye mtaroni na njia ipo. Itatoa sauti, naam, na maneno yatasikika. Hapo ndipo penye hatari, maana lau isingetoa sauti tungalilijua kosa mara moja.

Ama nafasi ya sahani hizo za 78 katika fasihi yetu, haina haja ya maelezo marefu. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alikwenda Bombay pamoja na wenzake mwaka 1928 kuimba mbele ya mitambo ya His Master's Voice, na sahani zake zikasikilizwa katika miji ya pwani na ya bara. Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Lakini wasifu, kwa uzuri wake wote, hauwezi kutupa pumzi ya mwimbaji. Pumzi imebaki katika sheleki, utomvu wa wadudu wadogo wa India uliochanganywa na unga wa mawe. Na sheleki hiyo haikutufikia ikiwa salama. Mashine za wakati ule zilitumia sindano za chuma, ambazo zilifanywa laini kwa makusudi ili zilike na kulifuata umbo la mfuo. Kanuni ilikuwa sindano moja kwa upande mmoja wa sahani, kisha itupwe. Majumbani mwetu kanuni hiyo ilishindwa na mkono mfupi: sindano moja ilipigishwa sahani nyingi mpaka ikaota makali. Kwa hiyo sahani tuipokeayo leo imekwisha kusomwa mara nyingi na wasomaji wenye kalamu ya chuma, na kila mmoja ameacha alama yake katika kuta za mfuo.

Wenzetu wanaohakiki tenzi walilijua jambo la namna hii zamani. Katika hati nyingi za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, herufi moja ya fa ilisimama mahali pa f na pa v pia, na mhariri hulazimika kuchagua baina ya fua na vua, baina ya fuma na vuma. Hakuna mhariri wa leo atakayechapa Al-Inkishafi bila ya kueleza ametumia hati ipi, imenakiliwa na nani, na ni wapi nakala zinapohitilafiana. J. W. T. Allen alipozikusanya hati kwa ajili ya chuo cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, thamani ya kazi yake haikuwa wingi wa karatasi tu. Ilikuwa ni kutuwezesha kuilinganisha nakala moja na nyingine. Nauliza basi: mbona mtu asemapo, "Nimeinakili kutoka katika sahani," hatumuulizi, "Kwa sindano ipi?"

Sasa nije kwenye kosa langu. Sahani ninayoizungumzia niliirithi kwa bibi mzaa mama, aliyekuwa akikaa Ng'ambo, Unguja. Ni sahani ya inchi 10, ya mzunguko wa 78, na karatasi yake ya katikati imekwanguka hata jina la mwimbaji na la kampuni hayasomeki. Kwa hiyo simtaji mtu kuwa ndiye mwenye wimbo. Anaimba mwanamke, nyuma yake udi, fidla na dumbaki. Zipo beti tatu, na kila ubeti hufuatwa na kiitikio kile kile. Sitaunukuu wimbo, maana kwa hoja yangu mambo matatu yatosha. La kwanza, kiitikio kina maneno mawili yasiyo na shaka, furaha na subira. Waitikiaji huyakokota polepole, na maana ya mstari haikubali mengine. La pili, katika ubeti wa pili mwimbaji anaomba radhi. La tatu, mstari wa mwisho wa ubeti wa tatu una tendo moja ambalo mpenzi wake amemtendea, na tendo hilo mimi nililiandika: amenifuta.

Juu ya neno hilo moja nilisimamisha jengo zima. Niliwaambia wanafunzi kuwa kufuta ni kazi ya ubaoni na katika daftari la madeni. Kwamba mpenzi amemfuta mwimbaji kama hesabu iliyokwisha. Kwamba wimbo ni kilio cha aliyeachwa, na kiitikio chenye furaha na subira ni kejeli ya uchungu. Ilikuwa tafsiri ya kupendeza, na kwa sababu ilipendeza sikuichungua. Mwaka mmoja mwanafunzi wa kike aliandika katika jaribio lake kuwa mtu aliyeachwa bila ya kosa haombi radhi. Ya kwamba ubeti wa pili na wa tatu haipatani. Na kwamba pengine neno lenyewe silo. Nilimjibu pembeni mwa karatasi, kwa wino mwekundu, ajihadhari na kubuni. Kisha nikampunguzia alama.

Miaka ile yote nilisikiliza kwa katriji moja. Ilikuwa ya sumaku itembeayo, yenye sindano ya mviringo ya sahani za muda mrefu, na almasi yake ilikuwa imekwisha kuchakaa. Siitaji kwa jina, maana kosa si la aliyeitengeneza bali ni la aliyeitumia isipostahili. Ilipokaribia kufa nilinunua ya pili, mpya, yenye almasi iliyochongwa kwa umbo la yai, iliyosifiwa kwa ung'avu wa sauti yake. Hiyo nayo siitaji, kwa kuwa niliitia katika kazi isiyokuwa yake. Baadaye nikapata ya tatu, katriji ya Audio-Technica ya jamii ya VM95. Fadhila ya jamii hii ni kwamba mwili mmoja hupokea sindano za namna mbalimbali: ya mviringo, ya umbo la yai, na nyingine zenye kuchongwa kwa ustadi zaidi. Miongoni mwake imo moja ya sahani za 78, yenye nusu kipenyo cha maikroni 76 na kuelemea sahani kwa uzito wa gramu 5, ambao ni zaidi ya maradufu ya uzito wa gramu 2 zitakiwazo na dada zake za sahani nyembamba.

Nilizilinganisha tatu hizo kwa sahani ile ile, kwenye mashine ile ile na kikuza sauti kile kile, na nilihakikisha kuwa zote zinasikika kwa ukubwa mmoja, kwani sikio la binadamu huidhania sauti iliyo kubwa kidogo kuwa ndiyo bora. Aidha niliziunganisha njia ya kushoto na ya kulia zikawa moja. Katika sahani hizi sauti imechorwa kwa sindano kwenda kando na kando. Lolote liitikisalo sindano kwenda juu na chini ni uchafu na uchakavu tu, na njia mbili zikiunganishwa uchafu huo hujifuta wenyewe kwa sehemu kubwa. Mtu asiyefanya hivyo asilalamikie mikwaruzo.

Katriji ya kwanza ilitoa sauti ya upole. Fidla ilisikika kana kwamba imo chumba cha pili, na mlango umerudishwa. Dumbaki lilikuwa na kishindo lakini halikuwa na ngozi. Udi ulikuwa mtamu, mzito, wa usiku. Sauti ya mwimbaji ilikuwa nyororo, na nakiri kwamba niliipenda. Lakini nilipokisikiliza kiitikio kwa makusudi, nikilijua neno na kulisahau kwa hiari, sikusikia subira. Nilisikia kitu kilicho karibu sana na fubira. Kila s ilikuwa imekatwa kichwa ikawa f. Hapo nikafahamu asili ya amenifuta yangu. Sikuisikia kwa mwimbaji. Niliazimwa na sindano.

Katriji ya pili ilikuwa kinyume cha hiyo. Mlango ulifunguliwa. Ulisikika upinde wa fidla ukishika na kuachia uzi, na kidole cha mpiga udi kikihama. Vile vile ulisikika mchirizo wa sahani tangu mwanzo mpaka mwisho, kama mafuta katika kikaango. Ubeti wa tatu ulipofika, mwimbaji alitamka wazi: amenisuta. Nilifurahi furaha ya mwenye kupata, nikaketi papo hapo kuandika masahihisho. Lakini kalamu ikiwa mkononi, sahani ilikuwa ingali yaenda, na kiitikio cha mwisho kikaja. Na katika kiitikio hicho furaha ilisikika kuwa suraha. Nikarudia. Suraha. Mchirizo wa sahani, ambao kwa kweli wafanana na s kuliko herufi yoyote nyingine, ulikuwa ukijipenyeza katika kila konsonanti ya pumzi na kuifanya s. Sindano ya kwanza ilikuwa shahidi asemaye "hapana" kwa kila swali, na ya pili shahidi asemaye "ndiyo." Hakimu hamwamini hata mmoja wao, ijapokuwa mmojawapo, kwa ajili ya hali ya mambo, lazima awe amesema kweli.

Yafaa kueleza sababu, ili msomaji asidhani ni uchawi. Kurekodi kwa umeme kulianza mwaka 1925, na katika miaka ya mwanzo mitambo haikushika vyema mitetemo iliyozidi 5000 hivi kwa sekunde. Nguvu kubwa ya herufi s huwa juu ya hapo au karibu yake. Kwa hiyo s nyingi za sahani hizo zilizaliwa zikiwa zimedhoofika, na sindano haiwezi kutoa katika mfuo kitu kisichotiwa. Tena lipo jambo la mahali. Sahani ya inchi 10 huenda kwa mwendo wa kama mita 1 kwa sekunde kwenye ukingo wake. Karibu na katikati mwendo huo hushuka chini ya nusu. Wimbi la mitetemo 5000, lililonyooshwa kwa maikroni 200 hivi ukingoni, hubanwa ndani ya maikroni 80 hivi karibu na katikati. Basi ubeti wa kwanza huandikwa kwa hati kubwa, na ubeti wa mwisho kwa hati ndogo ya kubana, na sindano zilizochakaa huzilamba herufi ndogo kwanza. Wanafunzi wa ushairi wajua ni ubeti upi ambao washairi wetu hupenda kuufichia neno zito. Ni huo huo ambao sahani huutunza vibaya kuliko zote.

Katriji ya tatu, yenye sindano pana, haikunipa mng'aro. Nasema hivi kwa kuwa nilikwisha kuuzoea ule wa pili na niliutamani. Fidla ilirudi nyuma kidogo. Mchirizo ulipungua ukawa kama mvua ya mbali. Na mgeni aliyekuwapo sebuleni alisema waziwazi kwamba ile ya pili ilikuwa nzuri zaidi. Lakini jambo moja lilikuwa limebadilika, nalo ni irabu. Sindano ilikuwa imekaa katika kuta, si mtaroni, na kila irabu ilikuja na mwanzo wake, kati yake na mwisho wake.

Hilo ndilo lililoamua kesi. Wataalamu wa fonetiki hutufundisha kuwa konsonanti haisikiki peke yake. Huacha rangi yake katika irabu inayoifuata. Mtu atamkapo fu, midomo imekaribiana tangu mwanzo, na u huanza ikiwa nzito na kuendelea nzito. Atamkapo su, ncha ya ulimi iko karibu na ufizi, na u huanza na rangi nyembamba kisha hushuka upesi kuwa nzito. Mshuko huo waenda, kwa kadiri, kutoka mitetemo 1800 hivi mpaka 800 hivi kwa sekunde, na mitetemo hiyo imo ndani kabisa ya uwezo wa mitambo ya zamani. Kwa maneno mengine, hata pale s yenyewe ilipopotea, nyayo zake zimebaki katika u. Asiyemwona mwizi humfuata kwa nyayo.

Nilisikiliza kiitikio: furaha ikaanza nzito, subira ikaanza nyembamba na kushuka. Nikasikiliza neno lenye shaka: lilishuka kama subira. Kwa kuwa nilikuwa najua ninachokitafuta, sikuliamini sikio langu. Nilikata silabi tatu kwa kompyuta, ya furaha, ya subira na ya neno lenye shaka, zote kutoka ubeti wa mwisho na kiitikio chake, ili mahali pa sahani pawe pamoja. Mpwa wangu akazicheza kwa mpangilio asionieleza, mbele ya wanafunzi wachache ambao hawakuujua wimbo, mmoja baada ya mwingine. Sitaliita jambo hilo utafiti. Lilikuwa jaribio la sebuleni. Lakini kwa sindano pana walizitenga fu na su za kiitikio bila ya taabu, na silabi ya tatu waliiweka pamoja na su. Kwa sindano mbili za mwanzo walibabaika hata kwa zile zisizo na shaka.

Neno basi ni amenisuta. Tazama jinsi herufi moja inavyouangusha ukuta. Katika miji yetu ya pwani kumsuta mtu ni kumkabili kwa maneno aliyoyasema nyuma ya mgongo, mara nyingi mbele ya mashahidi, mpaka akose pa kujificha. Anayefutwa aweza kuwa hana hatia. Anayesutwa amenaswa na ulimi wake. Kwa hiyo mwimbaji si mjane wa mapenzi anayelia mlangoni. Ni mtu aliyesema lisilofaa, likamrudia, naye anaungama. Radhi za ubeti wa pili sasa zina sababu, na subira ya kiitikio si kejeli: anamwomba mwenzake subira, kwa kuwa furaha ya zamani yeye mwenyewe ameiharibu. Wimbo nilioufundisha kwa miaka 11 kama kilio ni wimbo wa toba. Mwanafunzi yule aliuona mlango huo bila ya katriji yoyote, kwa kuzisoma beti mbili kwa pamoja. Aliyekuwa anabuni ni mwalimu wake.

Mtu aweza kuniuliza: ikiwa katriji ya pili ilisema amenisuta tangu awali, taabu yote hii ya nini? Jibu ni kwamba mhakiki hatafuti kupata tu. Atafuta kujua kwa nini amepata. Neno sahihi kutoka kwa shahidi asiyeaminika ni bahati, na bahati haichapwi.

Nisije nikadhaniwa kuwa naidharau katriji ya pili. Niliporudi kwa sahani za stirio, mambo yaligeuka. Almasi ya umbo la yai huingia katika mikunjo midogo ya mfuo ambamo ya mviringo haienei, na tofauti hiyo husikika zaidi karibu na katikati ya sahani, ambako nayo ile ya muda mrefu hupunguza mwendo kutoka kama nusu mita kwa sekunde mpaka kama sentimita 21. Hapo uliokuwa mchirizo ukawa pumzi, na ule ung'avu ukastahili sifa zake. Kinyume chake, sindano pana haifai kabisa kwa sahani hizo. Haitaingia katika mfuo, itakwangua midomo yake na kuiharibu. Mfano mwingine ni Denon DL-103 ya Ujapani. Iliundwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya shirika la utangazaji la NHK. Koili zake ndizo zitembeazo, almasi yake ni ya mviringo, ya maikroni 16.5, uzito wake sahanini ni gramu 2.5 na umeme wake milivolti 0.3. Kwenye karatasi si kitu cha kutisha, na sindano nyingi za leo zimechongwa kwa ustadi kuliko yake. Hata hivyo imedumu na wapenzi wake, kwa kuwa ilifanywa kwa kazi inayojulikana: kucheza sahani kila siku, vile vile, bila ya kumwaibisha mtangazaji. Katriji bora isiyo na kazi maalumu haipo, kama isivyokuwapo tafsiri bora isiyo na matini.

Hapa nadhani lugha yetu ya sifa yahitaji kuchungwa. Tunaposema sauti ya katriji ni tamu, au ng'avu, au ina joto, twajisifu sisi na chakula tulichokizoea. Utamu wa sindano yangu ya kwanza ulikuwa ni kukosekana kwa s. Ung'avu wa pili, juu ya sahani ile, ulikuwa ni kuzidi kwake. Maneno hayo yana mahali pake sebuleni, wala simkatazi mtu starehe yake. Lakini yanapoingia katika uhakiki yapasa kuulizwa: tamu kwa herufi ipi, na kwa gharama ya herufi ipi?

Kwa hiyo napendekeza kwamba yeyote kati yetu atakayechapa maneno ya wimbo kutoka katika sahani aeleze mambo manne: hali ya sahani na mzunguko alioutumia, unene na umbo la sindano, kama aliunganisha njia mbili au la, na maneno yasiyo na shaka aliyoyatumia kumpimia shahidi wake kabla ya kumuuliza lenye shaka. Mistari minne ya tanbihi yatosha. Na neno likibaki na shaka baada ya hayo yote, lichapwe na shaka yake, kama wahariri wa tenzi wanavyofanya, wala lisifichwe ndani ya tafsiri nzuri.

Katika maelezo ya somo langu ubeti wa tatu sasa wasomeka amenisuta, na chini yake nimeandika sindano niliyoisikilizia. Mwanafunzi niliyemtia wino mwekundu nilimpelekea barua ya kumtaka radhi pamoja na nakala ya silabi zile tatu. Amenijibu kwa heshima, na mwishoni mwa barua yake ameniuliza kama ninayo hakika na neno la tatu katika mstari wa pili wa ubeti wa kwanza. Nimelisikiliza. Sina hakika nalo, na safari hii nimeandika hivyo.